Chanjo ina thamani gani na inapimwaje? Maswali tunayoulizwa sana Bagamoyo

Huku kwetu stori ya chanjo ikianza, iwe kliniki, kwenye kikao cha kata au pale soko la samaki, watu wengi hawaulizi tena kama chanjo inafanya kazi, wanauliza mbona ile nyingine ina asilimia ndogo, mbona serikali inaweka hela huku na sio kule, na hizo takwimu mnazitoa wapi. Ni maswali mazuri na yanastahili majibu ya watu wazima, kwa hiyo nimeyakusanya hapa na kujibu kadri ninavyoelewa. Majibu mengine ni marefu, naomba uvumilivu.

Kupima thamani ya chanjo maana yake nini hasa?

Ni kujibu swali moja tu, kwamba tukiileta hii chanjo, maisha ya watu wetu yatabadilika kiasi gani ukilinganisha na tusipoileta, na kwa gharama gani. Wagonjwa wangapi hawatalazwa, watoto wangapi hawatakufa, familia ngapi hazitauza mbuzi kulipia dripu. Kuna watu wanachanganya hili na swali la kama chanjo inafanya kazi mwilini, hilo ni swali la mwanzo tu na linajibiwa kwenye majaribio. Chanjo inaweza kufanya kazi vizuri sana mwilini halafu isibadilishe kitu kikubwa wilayani kwa sababu huo ugonjwa kwetu ni nadra, na nyingine inaweza kuwa na kinga ya wastani tu lakini ikamaliza nusu ya foleni wodi ya watoto.

Kama mnataka namba ya dunia nzima, Shirika la Afya Duniani lilitoa hesabu mwaka 2024 kwamba tangu mpango wa chanjo wa dunia uanze 1974, chanjo zimeokoa maisha ya watu wapatao milioni 154, na karibu 60 katika kila 100 ya hao ni kazi ya chanjo ya surua peke yake. Sisi Tanzania mpango wetu ulianza 1975, kwa hiyo tumo ndani ya hesabu hiyo karibu tangu mwanzo.

Chanjo ikiwa na asilimia 50 si ni sawa na kubahatisha? Kwa nini tupewe sisi?

Hili ndo swali ninalolipenda kuliko yote maana hapa ndo watu wengi wanapotea, hata waliosoma.

Chukua chanjo ya rota, ile ya matone ya kuzuia kuharisha. Ilijaribiwa Afrika Kusini na Malawi kwa wakati mmoja, matokeo yakatoka 2010. Afrika Kusini ilizuia kuharisha kukali kwa rota kwa karibu asilimia 77, Malawi ikazuia asilimia 49. Ukiishia hapo utasema basi Malawi wasijisumbue. Lakini sasa hesabu watoto wenyewe. Kwa kila watoto 100 waliochanjwa Malawi, walizuia takriban wagonjwa 6.7 wa kuharisha kukali, na Afrika Kusini 4.2. Yaani pale penye asilimia ndogo ndipo chanjo ilipookoa watoto wengi zaidi, kwa sababu Malawi ugonjwa wenyewe ulikuwa mwingi zaidi kuanzia mwanzo. Nusu ya kitu kikubwa inaweza kuzidi robo tatu ya kitu kidogo, basi, hamna uchawi.

Ukiigeuza hiyo hesabu unapata namba ambayo mimi naona ingepaswa kuandikwa kwenye kila ripoti: Malawi unachanja watoto kama 15 kuzuia mmoja asiugue vibaya, Afrika Kusini kama 24. Kwa mtu anayepanga bajeti hiyo 15 na 24 inamwambia mengi kuliko 49 na 77. Asilimia inakuambia tabia ya chanjo, idadi ya wagonjwa waliozuiwa inakuambia faida kwa jamii, na wanaofanya maamuzi ya afya wanatakiwa waanzie na hii ya pili.

Na ile ya malaria iliyojaribiwa hapa kwetu?

Ziko mbili na zote zimepita Bagamoyo. Ya kwanza ni RTS,S, jaribio lake kubwa lilifanyika 2009 hadi 2014 kwenye vituo 11 vya nchi 7 za Afrika, watoto zaidi ya 15,000, na Tanzania vituo vilikuwa Bagamoyo kupitia Taasisi ya Afya Ifakara na Korogwe kule mkoa wa Tanga. Ya pili ni R21, nayo ilijaribiwa hapahapa pamoja na Burkina Faso, Mali na Kenya. Kwa hiyo watoto wa huku, wengine sa hivi ni vijana kabisa, damu yao ndo imeifundisha dunia. Watu wa Bagamoyo wanatakiwa walijue hilo na wajivunie.

Sasa namba. RTS,S kwa watoto walioanza wakiwa na miezi 5 hadi 17 na kupata dozi nne, ilipunguza malaria kwa asilimia 36 katika muda wa kama miaka minne. Watu walisikia 36 wakakunja uso. Lakini kwa kila watoto 1,000 waliochanjwa zilizuiwa mara 1,774 za kuugua malaria. Ndio, mara nyingi kuliko watoto wenyewe, kwa sababu mtoto mmoja anaugua malaria leo, anaugua tena baada ya masika, anaugua tena mwakani. Na sikiliza hii, kituo chenye malaria kidogo kilizuia kama mara 200 kwa watoto 1,000, kile chenye malaria nyingi zaidi kikazuia zaidi ya 6,500, na dawa ni ileile, kichupa kilekile. Ndo maana ukiniuliza chanjo ya malaria ina thamani gani, kwanza nitakuuliza wapi.

Halafu Ghana, Kenya na Malawi wakaanza kuitoa 2019 kwenye kliniki za kawaida, na baada ya miaka kama minne ikaonekana vifo vya watoto wa umri ule, vya sababu zote ukitoa ajali, vimepungua kwa asilimia 13. Vifo vya sababu zote, sio vya malaria tu. Hiyo kwangu ni namba nzito kuliko ile 36.

R21 yenyewe mwaka wa kwanza ilizuia malaria kwa asilimia 75 kule inakotolewa kabla ya msimu wa mvua na 68 kwenye vituo vinavyochanja mwaka mzima, na bei yake ilitangazwa chini kidogo ya dola 4 kwa dozi. Shirika la Afya Duniani liliipendekeza Oktoba 2023, ile ya kwanza lilishaipendekeza Oktoba 2021.

Mbona hospitali yetu hairipoti nimonia ya pneumokoka wala homa ya uti wa mgongo ya Hib (bakteria mwingine anayeshambulia watoto)? Kama ugonjwa haupo, chanjo ya nini?

Haupo kwenye karatasi. Kuupata mdudu wa pneumokoka kwenye damu ya mtoto unahitaji maabara nzuri, mtoto asiwe amepewa antibayotiki kabla (na wengi wanafika wakiwa wameshapewa dukani), na hata ukipata vyote hivyo, nimonia nyingi haitoi mdudu kwenye damu. Kwa hiyo rejista inaandika "nimonia" tu, au "homa kali".

Wataalamu wakatumia chanjo yenyewe kama tochi. Unachanja kundi moja, lingine halipati ile chanjo, halafu huhangaiki na maabara, unahesabu tu magonjwa yote na vifo vyote kwa makundi yote mawili. Tofauti itakayoonekana, hiyo ndo kazi ya mdudu yule hata kama hakuna aliyemwona. Gambia walifanya hivyo na chanjo ya pneumokoka, watoto zaidi ya 17,000, matokeo yalitoka 2005: nimonia inayoonekana kwenye eksirei ilipungua asilimia 37, kulazwa kwa sababu yoyote kukapungua asilimia 15, na vifo vya sababu zote vikapungua asilimia 16. Ukiangalia maabara peke yake usingeamini mdudu mmoja anabeba sehemu kubwa hivyo ya vifo vya watoto. Kisiwa cha Lombok kule Indonesia nako walifanya na Hib, na wagonjwa wa uti wa mgongo waliozuiwa na chanjo walikuwa wengi mara kadhaa kuliko wale ambao maabara iliwathibitisha.

Hii ina maana kubwa kwa wilaya kama yetu. Nchi isiyo na maabara za kutosha ikipima thamani ya chanjo kwa wagonjwa waliothibitishwa tu, itajidanganya kwamba haina tatizo, na wenye tatizo kubwa ndo huwa hawana maabara. Ni uonevu ambao hakuna aliyeukusudia. Tanzania ilianza kutoa pneumokoka na rota karibu pamoja kuelekea 2013, na penta (sindano moja ya kukinga magonjwa matano) yenye Hib ndani ilikuwa imeshaanza 2009, na sidhani kama tungekuwa nazo leo kama tungesubiri rejista za zahanati zitushawishi.

Mwanangu amechanjwa surua, sasa wa jirani asipochanjwa mimi inanihusu nini?

Inakuhusu sana na hesabu yake ni hii, tuifanye pamoja. Tuseme eneo letu wanazaliwa watoto 1,000 kwa mwaka. 900 wanaletwa kuchoma surua-rubela ya miezi 9. Ya miezi 9 inashika kwa karibu 85 katika 100, kwa hiyo wanaokingwa ni 765 na waliobaki wazi ni 235, na kati ya hao 135 mama zao walitimiza wajibu wao kabisa. Sasa dozi ya miezi 18, tuseme wanarudi 750. Hiyo inawanasa wengi wa wale 135, wanabaki wazi kama 130 kwa jumla. Surua inahitaji watu kama 95 katika kila 100 wawe na kinga ili isipate njia, yaani waliobaki wazi wasizidi 50 kwenye 1,000. Tuna 130. Mwaka wa pili wanaongezeka wengine 130, wa tatu hivyohivyo, mwaka wa nne una watoto zaidi ya 500 waliokusanyika bila kinga na hapo akiingia mgonjwa mmoja tu kwa basi au kwa boti unapata mlipuko. Ndo maana surua huwa inatulia miaka kadhaa watu wanasahau halafu inalipuka, na ndo maana kila baada ya muda mnaona kampeni ya kuchanja hadi waliokwisha chanjwa.

Ukiitazama vizuri hiyo hesabu utaona wengi wa wale 130, yaani 100, ni wale ambao hawakuletwa hata mara moja. Kwa hiyo shilingi inayotumika kumfuata mtoto ambaye hajawahi kufika kliniki ina faida kubwa kuliko karibu shilingi nyingine yoyote, na hiyo faida inakwenda kwake na kwa wale wachache ambao dozi iliwakataa, na kwa kichanga wa miezi 5 ambaye hajafikia umri. Ukipima thamani ya chanjo kwa mtu aliyechomwa tu, faida ya hawa wengine inapotea yote.

Pesa inahesabiwaje? Tupe mfano unaoeleweka.

Haya, namba hizi ni za kufundishia tu, nimezitunga. Tuseme kuchanja watoto 1,000 kunagharimu shilingi milioni 30 ukiweka kila kitu: dozi, sindano, friji, mafuta ya pikipiki, muda wa nesi. Chanjo inazuia watoto 60 wasilazwe, na kila kulazwa kungegharimu hospitali laki moja, hapo umeokoa milioni 6. Gharama halisi imebaki milioni 24. Inazuia pia vifo 2, na kila mtoto angeishi miaka 60 zaidi, jumla miaka 120. Gawa milioni 24 kwa 120, unapata shilingi laki 2 kwa kila mwaka wa uhai uliookolewa. Ukiongeza miaka ya ulemavu uliozuiwa, mfano mtoto ambaye hakupoteza kusikia kwa homa ya uti wa mgongo, unapata kile wataalamu wanachokiita DALY, yaani miaka ya afya inayopotea kwa kifo au ulemavu. Kipimo hiki kilipata umaarufu mwaka 1993 Benki ya Dunia ilipokitumia kwenye ripoti yake ya maendeleo.

Uzuri wake ni kwamba unaweza kulinganisha chanjo na neti, neti na mkunga, mkunga na dawa za presha, vyote kwa kipimo kimoja. Bila hivyo kila idara inapiga kelele na mwenye sauti kubwa ndo anapata bajeti.

Nasikia faida ya baadaye inakatwa. Kwa nini mwaka wa mwanangu wa 2060 uwe na thamani ndogo kuliko wa sasa?

Swali zito hili na wachumi wenyewe hawajaafikiana. Kawaida wanapunguza asilimia 3 kila mwaka, kwa hoja kwamba hela ya leo unaweza kuizalisha na kesho hatuna uhakika nayo. Ukirudi kwenye mfano wetu, ile miaka 60 ya kila mtoto ikikatwa hivyo inabaki kama 28 tu, jumla 56 badala ya 120, na gharama inapanda kutoka laki 2 hadi karibu laki 4 na 30 elfu kwa mwaka mmoja wa uhai. Chanjo ni ileile na watoto ni walewale, kilichobadilika ni uamuzi wa mtu mezani.

Wanaoumia zaidi na hii ni chanjo ambazo matunda yake yanachelewa. Chanjo ya HPV inamkinga binti na saratani ya mlango wa kizazi, ambayo kwa wanawake wa Tanzania ndo saratani inayoongoza, lakini inamkinga na ugonjwa ambao ungemjia akiwa na miaka 40 na kitu. Homa ya ini B vilevile, unamchoma kichanga ili asipate saratani ya ini akiwa baba wa watu. Nchi yetu ilianza kuitoa HPV nchi nzima 2018 kwa wasichana wa miaka 14, na 2024 ikaenda kwenye dozi moja kwa wenye miaka 9 hadi 14, na hiyo dozi moja imebadilisha hesabu kabisa kwa sababu gharama imeshuka karibu nusu na binti hahitaji kutafutwa mara ya pili. Msimamo wangu ni kwamba ripoti yoyote ya chanjo za namna hii ionyeshe hesabu mbili, iliyokatwa na isiyokatwa, mwenye kuamua aone mwenyewe. Kuonyesha moja tu naona ni kumfichia.

Ni kiasi gani ndo tunasema ghali mno?

Zamani ilikuwa desturi kusema gharama ya mwaka mmoja wa afya ikiwa chini ya mara 1 ya pato la mwananchi kwa mwaka ni nzuri sana, na chini ya mara 3 inavumilika. Baadaye wataalamu wa Shirika la Afya Duniani wenyewe wakaonya kigezo hicho kisitumike peke yake kama mizani ya kuamua, maana kwa nchi masikini karibu kila kitu kinapita na hela hazitoshi kila kitu. Swali la maana zaidi ni hizo milioni 24 zingefanya nini zikienda kwingine. Kama zingenunua neti zikaokoa miaka 300, basi chanjo yako ya miaka 120 inabidi isubiri, inauma kusema hivyo lakini ndo ukweli wa bajeti.

Kuna faida ambazo hesabu hizi zinaziacha?

Nyingi mno. Mama wa Kiwangwa akilazwa na mtoto siku tano, nanasi zinaoza shambani au biashara imefungwa, nauli ya baba kuja na chakula, deni la bodaboda, watoto wengine wameachwa kwa bibi. Hospitali haiandiki haya popote. Kuna watafiti walihesabu kwa nchi 94 za kipato cha chini na cha kati, kwa miaka ya 2011 hadi 2020, wakakuta kila dola 1 iliyowekwa kwenye chanjo inarudisha kama dola 16 ukihesabu matibabu na kazi iliyopotea, na ukipanua hesabu ichukue thamani ambayo watu wenyewe wanaipa maisha marefu na yenye afya, inafika kama 44. Tofauti ya 16 na 44 ndo hiyo, umehesabu nini na umeacha nini.

Kuna usugu wa dawa pia, mtoto ambaye hakuugua hakupewa antibayotiki, na kijiji kinachotumia antibayotiki kidogo kinabaki na dawa zinazofanya kazi. Na kuna usawa: bima na madaktari bingwa wanawafikia wenye nacho kwanza, lakini kichupa cha surua kikifika Yombo kinamfikia mtoto wa kila mtu. Hesabu ya kawaida haimpi mtoto masikini uzito wowote wa ziada ingawa yeye ndo anayekufa zaidi akiugua. Mimi hili naliona pungufu kubwa, na zipo hesabu za kisasa zinazogawa faida kwa tabaka la kipato na kuonyesha familia ngapi zimeokolewa zisifilisike. Hizo ndo tungetaka kuziona mezani.

Na madhara je, yanaingia kwenye hesabu au yanafichwa?

Yanaingia, na yanaweza kuiondoa chanjo kabisa. Marekani iliidhinisha chanjo ya kwanza ya rota, RotaShield, 1998, na mwaka uliofuata ikaondolewa sokoni baada ya kuonekana inasababisha utumbo kujiingiza ndani ya utumbo kwa takriban mtoto 1 katika 10,000. Kwa Marekani, ambako rota ilikuwa inaua watoto wachache sana kwa mwaka, uamuzi ule ulieleweka. Lakini fikiria sehemu ambayo kati ya watoto 10,000 makumi wangekufa kwa kuharisha. Uwiano wa faida na hatari kule ni mwingine kabisa, ila ikishaondolewa Marekani hakuna nchi ya Afrika ingethubutu kuitumia. Majaribio ya chanjo mpya mbili, ya watoto zaidi ya 60,000 kila moja, yalitoa matokeo 2006, na katikati hapo miaka ilipita watoto wakiendelea kufa. Sisemi walikosea kuiondoa kwao. Nasema thamani ya chanjo haisafiri pamoja na kichupa kutoka nchi moja kwenda nyingine, kila nchi ipime ya kwake.

Nesi amenirudisha nyumbani, anasema chupa ya surua haifunguliwi kwa watoto wawili. Hiyo ni haki?

Dada, una haki ya kukasirika, lakini ngoja nikueleze kinachomsumbua nesi. Chupa ya surua-rubela ina dozi 10, na ikishafunguliwa inabidi imwagwe baada ya saa 6. Akifungua kwa wawili, dozi 8 zinamwagwa, na ripoti yake ya mwezi itasomeka ana upotevu mkubwa, atahojiwa. Akikurudisha, ripoti inakuwa safi na hakuna anayemhoji. Umeona tatizo liko wapi? Tunapima dozi iliyomwagwa na hatupimi mtoto aliyerudishwa. Dozi 8 za surua ni hela ndogo ukilinganisha na mtoto mmoja wa surua aliyelazwa, achilia mbali aliyekufa, na mama aliyerudishwa mara moja wengine hawarudi tena. Miongozo yenyewe inataka mtoto aliyefika achanjwe. Manesi wengi wanajua hili na wanafungua, tatizo ni namna tunavyowapima.

Asilimia 108 ya watoto wamechanjwa. Inawezekanaje?

Haiwezekani, lakini kwenye ripoti inatokea. Juu ya mstari kuna waliochanjwa, chini kuna makadirio ya watoto waliopo, na makadirio yanatokana na sensa. Mapinga na Kerege zimejaa watu waliohamia kutoka Dar, na wanaokaa mpakani mwa Bunju wanachoma popote palipo karibu. Kwa hiyo sehemu moja inavuka 100 na nyingine inaonekana imelala. Sensa ya 2022 imesaidia ila kila mwaka unaopita makadirio yanachakaa tena. Mfumo wa kielektroniki unaomfuata mtoto kwa jina, ulioanzia Arusha ukaenda Tanga na Kilimanjaro, ni dawa nzuri kuliko hii ya kujumlisha vistari kwenye karatasi. Ukiona 108 usishangilie, uliza kuna watoto wangapi waliopata dozi ya kwanza ya penta ambao hawakufika dozi ya tatu.

Polio haipo tena, kwa nini tunaendelea kulipia?

Februari 2022 Malawi walitangaza mtoto aliyepooza kwa polio ya asili, wakati Afrika ilikuwa imeshatangazwa haina tangu Agosti 2020, na virusi vile vilitokea Pakistani. Ndo maana mwaka ule wachanjaji walipita nyumba kwa nyumba hapa kwetu na matone. Na kumaliza kabisa kunalipa. Ndui iligharimu kama dola milioni 300 kuifuta kati ya 1967 na 1980, na inakadiriwa dunia inaokoa zaidi ya dola bilioni 1 kila mwaka kwa kutokuwa nayo. Mgonjwa wa mwisho wa asili alikuwa jirani tu, Merka, Somalia, 1977.

Si wafadhili wanalipa? Sisi hesabu za nini?

Gavi, shirika la kimataifa linalosaidia nchi kununua chanjo, inachangia sehemu kubwa, lakini nchi nayo inachangia na mchango unatakiwa kupanda kadri pato linavyokua. Na mafuta, mishahara, friji na barabara za masika ni zetu tangu zamani. Siku mfadhili akipunguza, nani atajua ipi ibaki kama hatukuwa na hesabu zetu wenyewe?

Tutajuaje hesabu haijapikwa na mwenye kuuza chanjo?

Angalia vitu vinne. Nani kalipia utafiti. Chanjo imelinganishwa na nini, maana kulinganisha na kutofanya lolote ni rahisi kushinda kuliko kulinganisha na neti. Kinga imedhaniwa itadumu miaka mingapi, hapa ndo namba nyingi zinapikwa maana majaribio ni ya miaka mitatu minne halafu kompyuta inaendeleza hadi ishirini. Na mwisho, ukibadilisha kidogo bei au idadi ya wagonjwa, jibu linabaki au linapinduka? Mtafiti mwaminifu ataonyesha hilo la mwisho bila kuombwa.

Uamuzi wa chanjo gani iletwe ni wa wizara. Sisi halmashauri tunabaki na nini?

Mheshimiwa diwani, mnabaki na sehemu kubwa. Wizara inachagua kichupa, ninyi mnaamua kinafika kwa nani, na kama tulivyoona kwenye hesabu ya surua, faida kubwa iko kwa wasiofikiwa. Kikao cha bajeti kikifika msiulize tumechanja asilimia ngapi, ulizeni watoto ambao hawajapata hata dozi moja wako vijiji gani na inagharimu shilingi ngapi kumfikia mmoja wao. Hiyo namba ya pili karibu hakuna anayeileta, na mganga mkuu na mratibu wa chanjo wanaweza kuitengeneza kwa kugawa gharama ya safari ya huduma mkoba (nesi kuwafuata watoto vijijini) kwa idadi ya watoto wapya waliopatikana. Msiogope ikitoka kubwa. Safari ya kwenda kwa wafugaji upande wa Fukayosi na Makurunge itagharimu mara kadhaa kuliko siku ya kliniki pale Magomeni, lakini Magomeni unamkuta mtoto ambaye angeletwa hata hivyo.

Na wavuvi, hawa tunawakosa kwa kalenda tu. Familia zinahama na dago (kambi ya uvuvi ya msimu), upepo ukigeuka kutoka kaskazi kwenda kusi kambi nzima inahamia sehemu nyingine na watoto wao wanaonekana "watoro" kwenye rejista ya zahanati waliyoiacha. Wenyeviti wa vitongoji na viongozi wa wavuvi wanajua dago litakuwa wapi mwezi gani, waiteni wakati wa kupanga ratiba ya huduma mkoba, kabla mafuta hayajagawiwa.